Samaki Wamekufa Wote: Tuanze Tena na Maji

(Maneno haya yalisemwa katika semina ya siku moja ya vikundi vya wafugaji wa samaki, Kisumu. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa uchungu. Mtu anaamka asubuhi, anaenda bwawani na ndoo ya chakula, anakuta samaki wote wanaelea, matumbo juu. Kazi ya miezi sita imekwisha usiku mmoja. Karo ya watoto ilikuwa humo. Pesa za kulipa mkopo wa kikundi zilikuwa humo. Na swali la kwanza katika mkutano huwa ni moja tu: tutanunua vifaranga wengine lini?

Mimi si mtaalamu wa samaki. Kazi yangu ni ya jamii, kutembelea vikundi. Lakini nimekaa na maofisa wa uvuvi, nimekaa pia na waliopoteza, na ninalotaka kuwaambia leo ni hili: msianze na samaki, anzeni na maji. Vifaranga wakitiwa haraka ndani ya maji yale yale yaliyoua wenzao, nao watakufa. Hapo kikundi kinabaki na madeni mawili badala ya moja.

Kwanza: ni nini kiliwaua?

Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba pale Ogal, Kisumu Magharibi, walipoteza samaki wengi sana kwa muda mfupi. Watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, walieleza kwamba oksijeni ndani ya maji ilikuwa imepungua. Ghuba yetu ya Winam haina kina kirefu, na maji yake yamejaa mbolea na uchafu kutoka mashambani na mjini. Maji ya chini yasiyo na hewa yanapopanda juu, samaki aliye kizimbani hana pa kukimbilia.

Bwawani ni vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo. Mimea na ule ukijani wa maji hutoa oksijeni mchana, jua likiwaka. Usiku mimea hiyo hiyo hutumia oksijeni, pamoja na samaki, pamoja na mbolea inayooza. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu.

Basi jiulizeni. Je, walikufa usiku, wakubwa kwanza, na kabla ya hapo walikuwa wakihema juu ya maji? Hiyo ni hewa. Je, walikufa wote kwa ghafla, hata vyura na wadudu, baada ya jirani kupiga nyanya dawa? Fikirieni sumu. Je, walikufa wachache wachache kila siku, wakiwa na vidonda? Huo huenda ni ugonjwa, mwiteni ofisa wa uvuvi kabla ya kugusa chochote.

Nawaambia haya kwa sababu kikundi kisipojua chanzo, hutafuta mtu. Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Nyakach kilimshuku mlinzi wao wa usiku, mzee wa watu. Wengine wakamgeukia mweka hazina. Wiki mbili hawakusalimiana hata sokoni. Ofisa alipofika aliuliza swali moja: mlikuwa na kambare humo? Walikuwemo wachache, na wote walikuwa hai. Kambare hupanda juu na kuvuta hewa, tilapia hawezi. Ikajulikana kwamba siku moja kabla, walimwaga samadi yote ya magunia mara moja, na mchana ule mvua ikanyesha, jua halikuonekana. Mlinzi hakuwa na kosa lolote. Walienda nyumbani kwake kumwomba msamaha, na hapo ndipo kikundi kilipoanza tena.

Pili: kutengeneza maji

Ondoeni samaki wote waliokufa, mkawazike mbali na bwawa. Msiwauze wala kuwakaanga, maana hamjui kilichowaua.

Toeni maji, bwawa likauke mpaka udongo upasuke. Matope meusi yenye harufu ya yai bovu yachotwe. Nyunyizeni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba. Bwawa la mita 300, kama yale ya mpango wa serikali wa mwaka 2009, litataka kilo 30 hadi 60.

Jazeni maji, kisha wekeni samadi kidogo kidogo ndani ya uzio wa vijiti kwenye kona moja. Gugumaji msiliingize kabisa, hata kama linaonekana zuri. Linafunika maji, linazuia mwanga na hewa, nanyi wa ziwani mnalijua tangu lilipotuvamia.

Subirini wiki moja au mbili, maji yawe ya kijani. Tumbukizeni mkono. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ni sawa. Kikipotea mapema, maji ni mazito mno, acheni samadi.

Kwa nini kusubiri? Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wazuri wanaoigeuza ikawa chakula cha mimea, lakini nao huhitaji muda wa kuongezeka. Hata vijana wa mjini wanaofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo lenye mimea hufuata sheria hiyo. Maji mapya ya mfereji huachwa wazi siku moja au mbili klorini itoke, na tangi jipya hungojewa wiki nne hadi sita kabla ya kujazwa samaki.

Tatu: kurudisha samaki

Nunueni vifaranga mahali panapojulikana. KMFRI ina vituo Kegati, karibu na Kisii, na Sangoro kule Nyakach, waulizeni. Msichote vifaranga ziwani, maana huja na magonjwa, na dume na jike wamechanganyika, watazaana mpaka bwawa lijae samaki wadogo wasiokua.

Tieni kwanza 30 au 50 ndani ya kizimba kidogo cha neti, siku tatu. Wakiishi, leteni wengine, watatu kwa kila mita ya mraba, wasizidi. Safirini asubuhi mapema. Mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20, halafu maji ya bwawa yaingie polepole, samaki watoke wenyewe. Chakula kiwe kile wanachomaliza kwa robo saa. Kinachobaki kinaoza na kula hewa yao.

Nne: pesa

Ule mpango wa 2009 ulichimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Mengi yaliachwa baadaye, kwa sababu mara ya kwanza vifaranga na chakula vilikuja bure, na mara ya pili hapakuwa na akiba. Kwa hiyo kila mavuno, wekeni kando pesa za vifaranga na chokaa kabla ya kugawana. Na mkipata hasara, iandikwe kitabuni, isomwe mbele ya wanachama wote, hata mjane mwenye hisa moja aelewe pesa yake ilikwenda wapi. Mkopo mpya usichukuliwe kabla ya wale samaki wa majaribio kuishi.

Na ninyi ambao samaki wenu bado wako hai, kesho alfajiri, kabla ya chai, nendeni bwawani mtazame. Mkiwaona wanahema juu ya maji, acheni samadi na chakula siku hiyo, na mwingize maji mapya mara moja.