Foto za Nyumbani na Amani ya Jirani



Leo tuzungumze juu ya foto. Sisemi foto za magazeti. Nasema zile ambazo mjomba wako, au kijana wa jirani mwenye kamera, alizipiga bila kulipwa siku ya komunyo, siku ya ndoa, siku mlipokwenda kutembea ziwani. Zimo karibu katika kila nyumba ya Goma: ndani ya bahasha, ndani ya sanduku chini ya kitanda, na siku hizi ndani ya simu.

Toka Birere mpaka Ndosho, toka Katindo mpaka Himbi, kila mtaa una mtu wa namna hiyo. Hana studio. Ana kazi yake nyingine: ni mwalimu, ni fundi wa umeme, anauza vitenge. Lakini siku ya furaha watu humtuma mtoto: nenda umwambie kaka aje na kamera. Zamani alikuwa na filimu ya foto 36, na kila moja ilikuwa fedha, kwa hiyo alihesabu: tatu za kanisani, tano za wazazi, moja ya keki. Filimu ikapelekwa kusafishwa, mkangoja siku kadhaa, na foto zikarudi, nyingine giza tupu, nyingine watu wana macho mekundu kama paka. Mkacheka, mkagawana.

Utaniuliza, mambo haya yana uhusiano gani na amani? Basi lete foto moja ya ndoa ya zamani, ya miaka ya 1980. Usimtazame bibi arusi. Huyo umemtazama mara nyingi. Mtazame aliyemshikia mwavuli. Mtazame mama aliyekaa pembeni na mikono yake bado ina majimaji ya sombe, maana alitolewa jikoni dakika ile ile. Mtazame mzee aliyeazimisha viti. Sasa jiulize hao walikuwa watu gani. Mara nyingi utakuta katika foto moja Mnande, Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mshi, Mnyanga, na Mkumu mwenyeji wa hapa Nyiragongo. Mpiga foto aliwaambia, "Karibianeni, hamwenei," nao wakakaribiana, bega kwa bega, kwa sababu kamera ilikuwa haiwachukui wote.

Foto ile haina chama. Haikupigwa kwa ajili ya mkutano wa upatanisho, wala hakuna aliyelipwa posho ya usafiri ili asimame karibu na mwenzake. Ndiyo maana mimi naiamini kuliko hotuba nyingi.

Tunajua yaliyofuata. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yakaenea Masisi, na watu wakaanza kuwagawa majirani kwa makabila. Tangu hapo tumeona vita vya 1996, vya 1998, mji wetu kutekwa Novemba 2012, na vita kuingia tena mjini mwishoni mwa Januari 2025. Na katika nyumba kadhaa foto zilibaki, lakini mtu alichukua mkasi akakata kichwa cha jirani. Ndugu yangu, kama unalo wazo hilo, rudisha mkasi mahali pake. Siku moja mtoto atauliza: "Papa, huyu asiye na kichwa ni nani?" Utamjibu nini? Ukisema jina lake, itakubidi useme kwa nini umemkata. Ukinyamaza, mtoto atajitungia jibu mwenyewe, na majibu ya watoto juu ya mambo tunayowaficha huwa makali kuliko ukweli.

Nguvu ya foto sisi watu wa Goma tuliiona kwa macho. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache tu, wakalala barabarani na juu ya mawe, kipindupindu kikawaingia, watu wakafa kwa makumi ya maelfu. Katika msukosuko ule watoto walipotezana na wazazi wao. Katika eneo zima hili la Maziwa Makuu, watoto waliotengana na jamaa zao walizidi 100,000. Sasa fikiri kazi iliyokuwapo. Unamwuliza mtoto wa miaka mitatu, "Baba yako anaitwa nani?" Anajibu, "Papa." "Na mama?" "Mama." "Nyumbani ni wapi?" "Nyumbani." Utaandika nini kwenye fomu?

Hapo ndipo kamera ilipotumika. UNICEF na mashirika mengine yaliwapiga foto watoto wale kwa maelfu, mmoja mmoja, kila mmoja na namba yake, na foto zikabandikwa kwenye mbao kambini. Watu walipita mbele ya mbao zile polepole, sura baada ya sura. Si wote waliompata waliyemtafuta. Lakini wapo waliosimama ghafla na kuweka kidole: huyu ni wangu. Foto ndogo, bila ufundi wowote, uso mbele, ilifanya kazi ambayo jina halikuweza kuifanya.

Volkano nayo ilitufundisha lake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu walikimbia, wengine kwenda Gisenyi, wengine Sake, na kila mmoja alibeba alichoweza: godoro, sufuria, mtoto. Nani alikumbuka bahasha ya foto? Baada ya siku kadhaa tulirudi na kukuta mawe meusi yenye joto mahali pa nyumba. Jamaa nyingi zilipoteza foto zote za ukoo kwa mchana mmoja. Wale waliozipata tena walizipata kwa watu wengine: kwa shangazi aliyepo Bukavu, kwa rafiki aliyepo Butembo, kwa jirani wa kabila jingine ambaye siku ya ndoa alipewa nakala yake. Tazama jambo hilo vizuri. Sura ya marehemu baba yako ilikuwa imehifadhiwa katika nyumba ya mtu ambaye pengine mwaka ule uliambiwa usimsalimu.

Ndiyo sababu nawaambia wanaopiga foto: gawanyeni. Mei 2021 mlima ulipopasuka tena, moto ukasimama Buhene kabla ya kuingia katikati ya mji, watu walikuwa na foto zao zote ndani ya simu moja. Simu huibwa, huanguka ziwani, hunyang'anywa njiani. Foto iliyo katika nyumba tatu ina maisha marefu kuliko iliyo katika simu moja, hata kama simu hiyo ni ya bei kubwa.

Sasa niseme kidogo na wewe unayeanza kupiga foto. Jumapili, kama njia ni salama, peleka jamaa yako ufukweni, au Kituku boti za Idjwi zinapoleta nanasi na ndizi, au juu ya Mlima Goma ambako mji wote unaonekana. Ardhi yetu ni nyeusi, na weusi huo hunywa mwanga; uso wa mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana hupotea kabisa. Piga asubuhi, au baada ya saa kumi, na umweke mtu kivulini mahali penye mwanga laini. Msogelee. Usimpange bibi kama askari wa gwaride. Mpige anapochambua sambaza, mikono yake ikiwa kazini. Na uombe ruhusa kwanza, hata kwa mtoto, hata kwa mwenye chukudu aliyesimama kupumzika, maana uso ni mali ya mwenyewe. Daraja, uwanja wa ndege, mpaka na watu wenye silaha, achana navyo. Nimeona foto ya kujifurahisha ikimpeleka mtu kulala mahali asipopafurahia.

Sikukuu zetu ni nyingi. Machi 8 wamama hupita wamevaa kitenge cha namna moja, na huwezi kujua yupi ni wa wapi. Kuna harusi ambazo msafara wake husimama kwenye sanamu ya chukudu ili kila mtu apigwe foto. Kuna ngoma: intore wa Rutshuru na Masisi, wachezaji wa Wahunde, wa Wanande, wa Washi. Wengi wenu mnakumbuka tamasha liitwalo Amani. Lilikuwa limepangwa 2013, vita vikaliahirisha, likafanyika Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, na maelfu ya watu wakaja. Kila mwenye kamera alielekea jukwaani kuwapiga waimbaji wakubwa. Mimi nasema, siku kama hiyo geuka nyuma. Waimbaji wana wapiga foto wao. Piga watu walio uwanjani, kijana wa Majengo na kijana wa Mugunga wanaocheza hatua moja na hawajuani majina. Foto hiyo hakuna mgeni atakayeipiga kwa niaba yako.

Maana wageni, nao wana foto zao za Goma. Fungua gazeti la Ulaya uone: bunduki, mahema, moshi wa volkano, mtoto anayelia. Siwalaumu, mambo hayo yapo, na dunia inapaswa kuyaona. Lakini mtoto anayekua akijiona hivyo tu ataamini kwamba watu wake ni watu wa kufukuzwa na kufukuza. Mwaka 2012 Wamarekani wawili, Peter DiCampo na Austin Merrill, walianza kazi waliyoiita Everyday Africa, ya kuonyesha maisha ya Afrika ya siku zote, na wapiga foto wengi wa bara letu wakajiunga nao. Na hapa kwetu tunao kina Ley Uwera, Arlette Bashizi na Moses Sawasawa, ambao kazi zao zimefika katika magazeti makubwa ya dunia. Wameonyesha vita, maana vimewakuta nyumbani kwao. Lakini wanaonyesha vita kama watu wanaojua mtaa ule ulikuwaje siku moja kabla.

Liko jambo moja gumu ambalo siwezi kulipita. Foto hiyo hiyo inayounganisha inaweza kuua. Saa nne za usiku simu inalia, umetumiwa foto ya maiti, na maneno chini yake: "Tazameni watu wa kabila fulani walivyowafanya wenzetu leo." Damu inakupanda. Kabla hujaituma kwa wengine, fanya kama mpiga foto afanyavyo. Nani aliipiga? Aliyekutumia alikuwapo, au naye ametumiwa? Tazama nyuma ya maiti: mawe yale ni meusi kama yetu, au ni udongo mwekundu? Bango la duka limeandikwa lugha gani? Miti ile huota hapa? Mara nyingi utagundua kwamba ni foto ya nchi nyingine, au ya miaka kumi iliyopita, na mtu ameivika maneno mapya. Na hata ikiwa ni ya kweli, ya leo, ya hapa, marehemu yule ana mama. Unataka aione kwenye simu yako?

Basi kazi ya juma hili ni ndogo. Toa foto za nyumbani, zitandaze mezani, watoto wakae karibu. Nyuma ya kila foto andika kwa kalamu ya risasi, maana wino hupita upande wa pili. Andika mwaka, mahali, na majina kuanzia kushoto. Majirani pia, si ndugu tu. Usiandike kabila, andika alikuwa nani kwenu: aliyeazimisha viti, aliyemshikia bibi arusi mwavuli, mama aliyepika. Ukikuta foto ya mtu ambaye unajua nyumba yake ilipita chini ya moto au ilivunjwa vitani, mtengenezee nakala umpelekee. Na yule wa pembeni kabisa, aliyetazama upande, ambaye hakuna anayelikumbuka jina lake, mwulize bibi jioni hii kabla hajalala.