Majivu Hayana Kaburi: Mhindu na Uenyeji wa Afrika Mashariki

Ipo hoja isiyoandikwa sana lakini inayosikika dukani na msibani, kwamba mwenyeji ni mwenye makaburi. Hapa Rungwe hoja hii ina nguvu yake, maana kaburi la babu liko palepale migombani, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa kipimo hicho Mhindu ameshindwa kabla hajaulizwa. Maiti wake humchoma, majivu huyamwaga majini, na baada ya vizazi vitatu hana hata jiwe la kumwonyesha mjukuu. Basi, wanasema, huyo ni mpita njia. Dini yake ni ya mto Ganges, huku kwetu amefuata biashara tu. Na msemo wetu wa “Baniani mbaya, kiatu chake dawa” huikoleza hoja hiyohiyo: mtu hatakiwi, chake chatakiwa. Nasema Mhindu, yaani mtu wa dini, sisemi Mhindi, mtu wa asili ya India. Amir Jamal, aliyekuwa waziri wa fedha wa Tanzania, alikuwa Mhindi asiye Mhindu; mfanyabiashara J.K. Chande, aliyekulia Bukene, ambaye vinu vya familia yake vilitaifishwa 1967 na bado akabaki nchini, alikuwa vyote viwili.

Kaburi nalianzia hapahapa nyumbani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alionyesha katika kitabu chake cha 1957 jambo ambalo watetezi wa kaburi hulisahau: kuzika hakumalizi kifo. Kivuli cha marehemu kwanza hutengwa na wafiwa, kwa kuwa kina hatari, ndipo baadaye hurudishwa nyumbani, mekoni, kikae na watu wake kwa heri. Kwa maneno mengine, kinachomfanya maiti awe mzee wa ukoo ni mila, wala si shimo. Kitabu hicho kingesomwa vizuri, hoja ya kaburi ingekufa mikononi mwa Wanyakyusa wenyewe. Mhindu naye hupita njia hiyohiyo. Baada ya moto, roho huhesabiwa kuwa bado inatangatanga. Katika siku za matanga, ambazo kwa desturi hufika kumi na tatu, mwana wa marehemu hufinyanga matonge ya wali, akayachanganya na ufuta, akaitengenezea roho njia mpaka iingie katika safu ya mababu. Kila mwaka hutengwa tena nusu mwezi kwa ajili yao, na kunguru hutupiwa tonge. Mchele huo haulazimiki kutoka Gujarat. Wa Kyela unatosha, na ufuta wa Lindi pia. Tena watoto wachanga na watawa wa Kihindu kwa kawaida huzikwa, kwa hiyo hata moto wenyewe si wa kila mtu.

Yabaki maji, na hapa ndipo wapinzani wangu hujiona wamenibana: Ganges haipiti Tukuyu. Lakini tazameni chungu cha shaba katika ibada yao, kimejazwa maji, mdomoni kina majani ya mwembe, juu yake nazi. Kuhani huiita mito saba mitakatifu, Ganges ikiwamo, ije ikae ndani ya maji yaliyopo. Mto ndio unaoitwa kumfuata mtu. Ni kweli kwamba zamani bahari iliogopwa, ikaitwa maji meusi, na Mabaniani wa Unguja wa karne ya 19 waliacha wake zao kwao Kachchh, India. Gandhi mwenyewe anasimulia katika tawasifu yake jinsi wazee wa tabaka lake walivyomwita kikaoni Mumbai mwaka 1888, akiwa na miaka 18, wakamtenga kwa kosa la kutaka kuvuka bahari kwenda Uingereza, na yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini alipe faini ya rupia moja na ana nne. Miaka sitini baadaye, 1948, sehemu ya majivu ya mtu huyohuyo ilimwagwa katika Nile pale Jinja, Uganda. Mimi nashikilia kwamba Uhindu wa kisasa ulizaliwa katika uvukaji huo: bahari iliyokuwa ukuta ikageuka njia, kisha mto wa Kiafrika ukapokea majivu.

Mtaniambia kwamba wenye uwezo bado hupeleka majivu India. Hupeleka, kama vile Mwislamu wa Mbeya aendavyo Makka bila kuwa Msaudi. Pingamizi zito zaidi ni la milango. Jamii za Kihindu zimejitenga: Walohana wana ukumbi wao, Mapatel wana wao, na ndoa nyingi bado huchunguza ukoo kabla ya tabia. Mnyakyusa anayetaka kusali katika mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, huenda akatazamwa kama mgeni aliyepotea njia. Hilo silitetei. Lakini ni kosa la vyama vya watu, na vyama hubadilika. Halithibitishi kwamba dini yenyewe ni ya damu. Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya Kihindu iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1903, imekuwa ikihubiri kwamba hadhi ya mtu haitokani na kuzaliwa, ingawa nayo haikufanikiwa kila mahali. Na anayedai kwamba Uhindu hauwezi kutoka nje ya ukoo wa Kihindi atueleze Accra, ambako mwaka 1975 Swami Ghanananda, mzaliwa wa Ghana, alifungua monasteri akafundisha Waghana wenzake. Alikuwa Mhindu, Mhindi hakuwahi kuwa.