Saa ya Zamani na Jua la Kisumu



 Leo sikusomei mlango wa fiqhi. Nataka kukuhadithia saa yangu ya mkono, nawe utaona ilivyotutia deni watu wanne.

Mimi hukusanya saa za Kijapani za betri, zile za kabla ya kwatzi, yaani kile kijiwe kinachotetemeka ndani ya saa za siku hizi. Hizi zangu zina betri, lakini ndani bado mna gurudumu dogo linalocheza huku na huku kama la saa ya babu. Tofauti ni kuwa huzitii ufunguo. Sumaku, transista na koili ya waya mwembamba kama unywele ndizo zinazolisukuma gurudumu lile.

Wamarekani walitangulia mwaka 1957, kwa saa ya Hamilton. Kule Japani, kampuni ya Citizen ilitoa X-8 mwaka 1966, na mwaka 1970 ikaitengeneza kwa titani, saa ya kwanza duniani kuwa na kasha la madini hayo. Lakini umri wake ulikuwa mfupi. Tarehe 25 Disemba 1969 Seiko ilikuwa tayari imetoa Astron, ya kwatzi, kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Kwatzi iliposhuka bei, hizi zikaachwa kwenye madroo.

Yangu, Citizen Cosmotron, niliipata sokoni Kibuye kwa shilingi 300, imelala kati ya miwani na redio mbovu. Nikatia betri, ikalia tik-tik. Wallahi nilifurahi! Jumatatu nikaitengeneza majira kwa adhana ya adhuhuri, nikatembea nayo kifua mbele.

Alhamisi tulikuwa Dunga, ufukweni, vijana wanne na tende zetu. Wingu zito limefunika ziwa, adhana haisikiki. Wakaniuliza, "Ustadh, saa yako yasemaje?" Nikatazama, nikasema, "Wakati umeingia. Bismillahi." Tukala. Punde wingu likapasuka, na jua hilo hapo, bado liko juu ya maji! Saa ilikuwa imekimbia dakika kumi na moja. Funga nne zikaharibika, na kadha juu yetu. Wenzangu hawakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikampelekea mzee mmoja fundi wa saa, mwenye meza yake barazani mjini, ambaye wauzaji humwita jaduong'. Akaifungua, akanipa kioo chake cha jichoni. "Mwanangu, unaona springi hii iliyojiviringisha? Imeingia mafuta. Mizunguko inashikana, gurudumu linacheza haraka. Saa haijakudanganya. Wewe hukuiuliza ina hali gani."

Maneno hayo sijayasahau. Nilikuwa nimependa jina lililoandikwa usoni mwa saa, kilichomo ndani sikukijua.

Basi wewe unayetaka kukusanya, fungua kifuniko kwanza. Ukikuta betri ya zamani, itoe, kwani ikivuja inakula kila kitu. Koili usiiguse kwa bisibisi, waya ukikatika ndiyo basi. Ilinganishe saa na ya simu wiki nzima kabla ya kuiamini. Na ukiiuza, mwambie mnunuzi ni kipi cha asili na kipi kimebadilishwa, hata kama bei itashuka.

Na katika kufuturu, saa hata iwe sahihi vipi, jua la hapa ndilo hakimu. Mombasa jua huzama takriban dakika 20 kabla ya Kisumu, na Nairobi kama dakika 8. Anayefuturu hapa kwa adhana ya redio ya huko amekula mchana.

Mimi saa yangu bado naivaa. Fundi ameisafisha, inakwenda vizuri. Lakini nikiulizwa wakati wa magharibi, siku hizi nainua macho kwanza.

Wabillahi tawfiq.