Vijana, mdomo wetu ndio unaoua!

Tumezoea kuwanyooshea vidole vigogo. Leo kidole kitugeukie sisi wenyewe, hapo hapo kijiweni.

Nakuuliza wewe uliyekalia benchi: mwenzako akikonda kidogo tu, unasemaje? "Amekanyaga miwaya." "Ana ngoma huyo." Tunacheka, kahawa inashuka. Lakini kati ya wanaocheka yupo ambaye moyo unamdunda. Huyo kesho hatakwenda kupima. Haogopi sindano, analiogopa benchi letu.

Tabia hii haikuanza jana. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa mkoani Kagera, watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Basi ukawa ugonjwa wa wafanyabiashara, wa watu wa mpakani, wa wengine. Serikali nayo haikuwa na haraka: Rais Mkapa aliutangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999. Miaka 16 baadaye! Muda wote huo kashfa zilikuwa kazini.

Enzi hizo kupima kulikuwa kama kusomewa hukumu ya kunyongwa. Leo sivyo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Anayezimeza kila siku bila kuruka anaishi, anabeba zege, analea watoto. Virusi vikifubaa hadi kipimo kisivione, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto akabaki salama. Ama kupeana mikono, kula sahani moja au kutumia choo kimoja, hivyo havijawahi kumwambukiza mtu.

Sasa kama dawa ipo, mbona bado tunazikana? Sikiliza. Wapo wanaoipita kliniki ya mtaani kwao, wakapanda daladala hadi mbali ili wasionekane. Siku nauli ikikosekana, dozi inaruka. Wapo wanaojaza pamba kwenye kopo la vidonge ili lisilie mbele ya wenzao wa chumba kimoja. Dozi zikiruka mara kwa mara, virusi vinaamka, na vinaweza kuizoea dawa. Mtu huyo akifa tutasema ameuawa na Ukimwi. Mimi nasema sisi tulimshikia kamba.

Na wanaume ndio tunaochelewa zaidi. Dada zetu hupimwa wakienda kliniki ya wajawazito. Sisi tunangoja TB ituangushe, ndugu watubebe kwa teksi.

Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa na kumbagua mwenye virusi. Ni sheria nzuri, lakini hakuna askari atakayelinda kila kijiwe. Askari ni wewe. Jina la mtu likirushwa barazani, usilidake. Rafiki akikupa siri yake, ife nayo moyoni mwako. Na ukitaka kupima, mwambie mwenzako, "Twende wote." Maneno hayo mawili hayana gharama, wala hayahitaji kibali cha waziri.