Chumba cha Akina Mama wa Isevya
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi)



Baadhi yenu mmeuliza, tena kwa haki, kwa nini mwanamke mwenye nyumba na jiko lake alipe kodi ili ashone na kufunga asali katika ghala letu la zamani, na kwa nini chumba hicho kisirudishwe kuwa stoo ya mbolea.

Nami nilidhani sababu ni gharama. Ni kweli kwamba mizani moja na mita moja ya umeme zikitumiwa na wengi, mzigo hupungua. Tena mkaguzi wa TBS hutaka mahali pa kutengenezea chakula pawe mbali na makazi. Lakini nilipowauliza wenyewe, neno la kwanza halikuwa fedha. Lilikuwa sitara.

Mwanamke wa Kiislamu afanyaye biashara nyumbani hufuatwa na wanunuzi wanaume hadi barazani, mumewe akiwa shambani, na majirani huhesabu nyayo. Chumbani mna pazia na jamvi la kusalia, na mnunuzi hukuta wanawake wanne, si mmoja. Upatu wao pia huchezwa humo, nao hauna riba. Mume aliyemkataza mkewe kwenda sokoni amemruhusu kwenda huko. (Yumo humu ukumbini, simtaji.)

Lililonigusa zaidi ni eda. Mmoja wao alifiwa na mumewe, akakaa ndani miezi minne na siku kumi kama dini iagizavyo. Zamani biashara yake ingalikufa. Safari hii wenzake waliuza asali yake, wakaandika kila shilingi daftarini, na kila Ijumaa wakampelekea fedha zake. Alipotoka eda aliwakuta wateja wote, isipokuwa mmoja mwenye deni.

Wala si jambo geni. Bibi Khadija, kabla hajaolewa na Mtume, alituma mali yake Sham mikononi mwa wengine. Na mji huu wa Tabora, uliokuzwa na misafara ya Bagamoyo na Ujiji, wajua vema maana ya kumkabidhi mwenzio mzigo.

Basi naomba Bodi itengeneze paa la chumba kabla ya mvua za Novemba. Mbolea iwekwe katika ghala jipya, ambalo nusu yake ni tupu hata leo, na ufunguo ubaki kwa akina mama.