TUMPE MJUMBE KURA YA RAIS?



Leo tunazungumza juu ya kumchagua Rais kwa njia ya wajumbe. Maana yake ni hii: wananchi wanachagua watu wachache, kisha hao wachache ndio wanaomchagua Rais. Wako wanaoisifu njia hii. Wanasema gharama ni ndogo, na eti mjumbe anamfahamu mgombea kuliko mkulima aliyeko shambani. Hoja hizo tuzipime, tusizitupe tu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Sisi wakulima wa kahawa tunachagua wajumbe katika chama cha msingi, nao wanakwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kikuu, kama KCU, kuchagua viongozi. Mwenyekiti wa halmashauri naye anachaguliwa na madiwani. Tena mwaka 1965, wakati wa chama kimoja, jina la mgombea urais lilipitishwa kwanza na mkutano wa wajumbe. Wananchi tukabakiwa na Ndiyo au Hapana.

Sasa, mbona mjumbe wa kahawa tunamkubali? Kwa sababu tunamjua. Anakaa nasi hapa hapa Kamachumu au Izigo. Akirudi tunamkuta kwenye mizani, tunamwuliza: "Ulisema nini kule? Na bei je?" Akijikanyaga, safari nyingine hatumpi. Lakini mjumbe wa kumchagua Rais akishapiga kura kazi yake imekwisha. Utamkamata wapi? Na wajumbe mia chache ni rahisi kuwahonga kuliko nchi nzima.

Marekani wanatumia wajumbe tangu katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787. Leo wako 538, na anayepata 270 anashinda. Karibu majimbo yote yanampa wajumbe wote yule anayeongoza, hata akiongoza kwa kura chache. Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump karibu kura milioni 3 za wananchi, lakini Rais akawa Trump. Mwaka huo huo wajumbe 7 walimpigia mtu mwingine kinyume cha ahadi. Mwaka 2020 ndipo Mahakama ya juu ya nchi hiyo iliposema majimbo yanaweza kuwabana wajumbe wa namna hiyo. Swali ambalo mkulima wa Nshamba angeliuliza siku ya kwanza!

Twende karibu zaidi, kwa jirani zetu wa Burundi, wanaopakana na mkoa wetu kule Ngara. Mwaka 2005, baada ya vita, Pierre Nkurunziza alichaguliwa kuwa Rais na wabunge na maseneta. Mwaka 2010 alichaguliwa na wananchi. Mwaka 2015 akataka tena. Wapinzani wakasema vipindi viwili vimekwisha. Upande wake ukajibu: kile cha 2005 hakihesabiwi, maana wananchi hawakupiga kura. Mahakama ya Katiba ikakubaliana naye. Watu wakaandamana, wengine wakauawa. Mwezi Mei wanajeshi wakajaribu kumpindua akiwa mkutanoni Dar es Salaam, wakashindwa. Mamia ya maelfu ya watu waliikimbia nchi, wengi wakaja Tanzania. Hatusemi ugomvi wote ulitokana na jambo hilo moja, la hasha. Lakini mlango wa kubishana ulikuwa wazi tangu 2005.

Kwa hiyo sisi tunaona kura ya Rais ibaki mkononi mwa mwananchi, kama katiba yetu inavyosema. Hata hivyo, wajumbe bado wapo njiani. Sheria inataka mgombea apitishwe na chama. Julai 2015 wajumbe wa mkutano mkuu wa CCM kule Dodoma walimpitisha John Magufuli, mtu wa Chato, wilaya iliyokuwa ya Kagera mpaka mwaka 2012. Sisi wengine tulimkuta tayari kwenye karatasi ya kura. Basi kama una kadi ya chama, chama chochote kile, mwulize mjumbe wako kabla hajapanda basi: anakwenda kumchagua nani, na kwa sababu gani?