Mhubiri na Somo la Jumapili

Niliwahi kukaa kanisani Jumapili tatu mfululizo tukiambiwa tufungue Malaki sura ya 3, habari ya zaka. Biblia ya bibi aliyeketi kando yangu ilifunguka yenyewe hapo. Kurasa zimelegea, pembe zimejikunja. Kurasa za Amosi, nabii anayewakemea wanaomdhulumu maskini, zilikuwa safi kama za dukani.

Ndivyo huwa mhubiri akijichagulia somo. Kwa Wakatoliki, tangu 1969, Injili za Jumapili huenda kwa mzunguko wa miaka mitatu: Mathayo, Marko, kisha Luka, na Yohana hasa kipindi cha Pasaka. Padri hachagui, na somo gumu likimfikia hana pa kulikwepea. Naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote.

Wapo wanaosema ratiba humfunga Roho Mtakatifu. Nawaelewa; msiba ukiangukia mtaa, mchungaji awe huru kuiweka kando. Ila uhuru si kuokota mistari. Mwanamageuzi wa Kiprotestanti Zwingli alipoiacha ratiba ya masomo kule Zurich mwaka 1519, alianza kuhubiri Mathayo mfululizo, tangu sura ya kwanza. Naye alijifunga, kwa kitabu kizima. Asiyetaka kalenda na afuate njia hiyo, ili yule bibi naye afikishwe kwa Amosi.